Ijumaa za Kutabiri Nani Atashika Mkia

Nimestaafu. Mjukuu wangu anasema neno hilo ni la walimu na makarani, si la kadama, mtumishi wa nyumba za Waarabu, lakini mimi nimelichukua na silirudishi. Nimefua, nimepika, nimepiga pasi Riyadh na Jeddah mpaka magoti yakaanza kunijibu nikiinama. Basi nimestaafu, halas. Sasa niko kwangu Wundanyi, nina wajukuu wazuri kuliko wenu, na wasichana wa kanisani wanaojiandaa kwenda Saudia wameniomba niwaandikie ninayoyajua. Shule niliiachia darasa la sita. Atakayeona kosa alirekebishe kimyakimya asonge mbele.

Habari za mshahara mtaulizana wenyewe. Mimi nitawaambia jinsi ya kutabiri nani atateseka, kwa sababu ndiyo kazi niliyofundishwa kabla ya kuonyeshwa hata ufagio.

Miaka ile ofisi za kupeleka watu Saudia zilikuwa zimeota Mombasa na Nairobi kama uyoga. Niliingia Riyadh na kundi la wanawake, tukawekwa kwenye makazi ya ofisi tukingoja kafili, yaani mwajiri ambaye karatasi zako zote zinamfuata yeye. Pale nilimkuta Bi Mwanaisha wa Malindi, mwanamke mnene, mcheshi, aliyefanya kazi nyumba nyingi sana na sasa alikuwa akingoja nyingine kama mtu anayengoja chai. Huyo ndiye mwalimu wangu.

"Usitazame uso wa madam," akaniambia. "Uso wa siku ya kwanza ni wa kuazima. Ngoja kitu kianguke. Kijiko, kikombe, mtoto, chochote. Nani anaokota? Kikianguka na wote wakakutazama wewe, mwanangu, hapo utateseka. Wakiinama wenyewe, hapo kaa."

"Na kisipoanguka kitu, Bi?"

"Angusha."

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya bibi mzee hapo hapo Riyadh. Nikaangusha kijiko kama nilivyofundishwa. Bibi akakiokota mwenyewe, akanigonga nacho kichwani, akacheka mpaka akakohoa. Nikakaa.

Adui wa Riyadh ni vumbi. Haliingii kwa mlango kama mgeni mwenye adabu, linaingia kwa kila tundu. Mbingu zikiwa rangi ya chai ya maziwa, funga madirisha kwanza, ndipo uanze kazi nyingine. Weka taulo bichi chini ya mlango. Usifagie vumbi kavu, utalihamisha tu kutoka chumba hiki kwenda kile na wewe utapiga chafya njia nzima. Na kanzu nyeupe za wanaume msizipige pasi zikiwa zimekauka kabisa. Zitoe kambani zikiwa na unyevunyevu, anza na kola, kifua kiwe cha mwisho. Mwanamume wa Kisaudia atasamehe wali uliochacha kabla hajasamehe kola iliyolala.

Bibi alipozidiwa na uzee akahamia kwa mwanawe ambako tayari kulikuwa na kadama, ikama yangu ikahamishiwa kwa jamaa zake Jeddah, mtaa wa Aziziya. Ikama ndiyo kile kitambulisho cha ukaazi. Usitoke nje bila hiyo hata kutupa taka.

Sasa sikilizeni siku yangu ya kwanza Jeddah. Nafika mlangoni natiririka jasho, maana joto la Jeddah linakukumbatia kama shangazi aliyekukosa miaka. Viatu vimetupwa ovyo kama vimekimbiwa na wenyewe. Ndani makelele. Madam, mwanamke mrefu wa heshima zake, amesimama juu ya kochi anamtupia mwanawe mto. Mto unapiga sinia ya mbegu za alizeti, mbegu chini, maganda kila mahali, na nyumba nzima inageuka kunitazama mimi.

Hata sikuhitaji kuangusha kitu.

Niliomba njia ya jikoni, nikampigia Bi Mwanaisha. "Bi, hapa nitateseka. Sinia imeanguka, wote wakanitazama."

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni, na begi langu."

"Mgeni ameingia na begi, ulitaka watazame mbegu?" Akacheka. "Hiyo siyo nyumba uliyoiona, ni sherehe. Subiri kelele ziishe ndipo uhukumu."

Nawaambia sasa hivi, kelele hazikuisha. Kelele zilikuwa za mpira wa Wamarekani. Turki, mtoto wa kiume wa nyumba ile, alikuwa amesoma Amerika, na badala ya kurudi na mke alirudi na mchezo. Mpira wenyewe umechongoka kama papai bichi. Wanaucheza kwa mikono. Wanaume wenye mabega ya kabati wanasukumana, wanaangukiana kama magunia ya mahindi, kisha filimbi inalia na wote wanafanya mkutano. Wanasukumana tena, wanafanya mkutano tena. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani ni kesi ya shamba.

Lakini mchezo wenyewe ulikuwa kisingizio. Mambo yalikuwa kwenye kutabiri. Kila msimu ulipokaribia kuanza, Ijumaa baada ya chakula, familia ilikaa kwenye zulia kila mtu achague timu moja. Sio itakayoshinda. Itakayoteseka. Itakayoshika mkia.

"Mshindi anajulikana hata na mbuzi," Turki alisema. "Akili ni kumjua wa mwisho."

Baba, mwenye nyumba, muuza vigae, mtu wa maneno machache, hakuchagua timu. Yeye alikuwa kadhi. Alikataza riyali hata moja kuwekwa, kamari ni haramu. Kwa hiyo zawadi ilikuwa ombi. Ambaye timu yake itashika mkia anaomba jambo moja na nyumba hairuhusiwi kukataa. Na ambaye timu yake imeshinda mechi nyingi kuliko za wenzake, yaani aliyetabiri vibaya kupita wote, anavaa aproni yangu na kuhudumia chakula cha Ijumaa, mimi nikiwa nimekaa. Msimu mmoja alishinda Turki akaomba mama yake asimuulize habari ya kuoa mpaka Ramadhani. Madam alijikaza kwa taabu, alikuwa akitoka nje kwenda kuuliza ukuta. Uliofuata akashinda Madam, akaomba kiti cha zamani cha Baba kitupwe. Kikatupwa. Kila Baba alipokaa kwenye kipya alikaa kama mtu aliyefiwa.

Majina ya Kimarekani ya timu zile yaliniponyoka, na mimi nilizipa yangu kwa rangi za nguo. Mfuaji huona rangi kwanza.

Nilianza kucheza bila kualikwa. Nilikuwa namimina kahawa, Turki anaonyesha timu moja baada ya nyingine zikifanya mazoezi ya kabla ya msimu. Ikaja moja yenye jezi rangi ya ndimu. Mchezaji wao mmoja akaanguka. Wenzake wawili wakamruka kama gogo, wakaenda zao. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe na Kiarabu changu cha jikoni.

"Hawa wataumia."

"Nani amekuambia?" Turki akauliza.

"Mwenzao kaanguka, hakuna aliyemwinua."

Lama akapiga makofi. Lama ni binti yao, ameolewa, anakaa Al-Nuzha, na kila Ijumaa alikuwa anakuja. "Acheze na yeye! Mama Wakesho achukue hao wa ndimu!" Wakesho ndiyo mimi.

"Akishinda ataomba nini?" Madam akasema, na akanitazama. Alijua nitaomba nini. Na mimi nilijua kwamba anajua.

Hapa niwaeleze vizuri. Binti yangu Mghoi alikuwa mja mzito kwa mara ya kwanza, mtoto alitarajiwa baada ya Krismasi. Mumewe dereva wa lori, leo Malaba kesho Mombasa, na mama mkwe hayuko tena duniani. Mghoi alinipigia akasema, "Mama, usipokuja nitazaa peke yangu kama paka." Nikaenda kwa Madam kuomba likizo. Lakini Lama naye alikuwa mja mzito, siku zile zile. Kwa desturi yao binti akishajifungua anarudi kwa mama yake siku arubaini, analishwa, anakandwa, anapikiwa supu na uwatu. Mkandaji na mpishi wa hayo yote, nani? Mimi.

"Utakwenda baada ya arubaini ya Lama, inshallah," Madam akaniambia. Hakunifokea. Na yeye alikuwa anapata mjukuu wa kwanza. Nyanya wawili wapya, nyumba moja, na kadama mmoja ambaye ni mimi tu. Lakini baada ya arubaini mjukuu wangu angekuwa ameshajua kucheka, na kicheko cha kwanza angekuwa amempa jirani.

Mtaniambia likizo ni haki, iko kwenye mkataba. Ndiyo. Na pasipoti ilikuwa kabatini kwa Baba, na ruhusa ya kutoka na kurudi anatoa kafili. Haki bila ruhusa ni mchele bila maji. Ni chakula, lakini jaribu kuutafuna. Ninyi ulizeni mwezi wa likizo kabla ya kupanda ndege, uandikwe, na nakala abaki nayo mtu wa nyumbani.

Basi tukachagua. Mimi Wa Ndimu. Madam akachukua timu ya jezi nyeupe, niliyoiita Wa Maziwa. Lama akachukua ya zambarau kwa sababu rangi hiyo ilimchefua, na wakati ule kila kitu kilimchefua. Turki alichukua Wa Matofali, akatueleza sababu mpaka kahawa ikapoa: huyu kaumia goti, yule kauzwa, kocha mpya, mwenye timu mkali. Hapo Madam alilala, akaamka, yeye bado anaeleza.

Msimu ukaanza. Kule mechi ni Jumapili, na kwetu huwa kumeshakuwa usiku na Baba hataki kelele za usiku. Kwa hiyo Turki alizirekodi, tukazitazama Ijumaa baada ya chakula. Kila mtu aliweka simu yake kwenye kikapu cha mkate ili asipate habari mapema, na kikapu kikafunikwa na kitambaa kama maiti. Wamarekani wenyewe walikuwa washaoga, washalala, washasahau, sisi ndio kwanza tunasimama juu ya makochi. Nimewahi kumwona mwanamke mwenye heshima zake akiomba dua watu waangushwe Ijumaa, watu walioangushwa tangu Jumapili.

Wa Matofali wa Turki walianza kwa kushinda. Wakashinda tena. Kila Ijumaa yeye ana maelezo mapya na wao wana ushindi mpya. Lama akaanza kumpima aproni.

Na Ndimu wangu? Wanangu, walipigwa vizuri! Walipigwa nyumbani, walipigwa ugenini, walipigwa na timu ambazo hata zenyewe zilishangaa. Nilikuwa nadeki sala, yaani sebule yao, huku nacheza, fimbo ya kusukumia maji ndiyo mwenzangu wa dansi. Nilimpigia Mghoi: "Andaa kitanda changu, Ndimu wamefungwa tena!" Akaniuliza kama jua limenipiga.

Kosa langu ni kwamba niliwatazama sana. Ukimtazama mtu kila wiki akianguka, unaanza kumjua. Kulikuwa na mmoja mnene wa mstari wa mbele, suruali yake ilishuka kila akiinama, nikawa nasema, jamani, mama yake hana uzi? Kulikuwa na mfupi mwenye mbio, nilimwita Mwandawiro, kwa kuwa alikimbia kama mjomba wangu Mwandawiro siku ya nyuki. Halafu karibu na Krismasi nikaona jambo lililonitia baridi. Mwandawiro aliangushwa, na yule mnene akarudi nyuma, akampa mkono, akamwinua.

"Umeona?" Madam akanichokoza. "Wanaokotana hao!"

Alikuwa anaijua ile hesabu ya Bi Mwanaisha, nilimsimulia mwenyewe tukifunga sambusa. Mdomo wangu!

Ikaja wiki ya mwisho. Ndimu wangu na Maziwa ya Madam walikuwa sawasawa mkiani. Tukaanza na mechi ya Maziwa. Wakapigwa. Madam akacheza mbele ya televisheni, mjamzito akicheka ameshika tumbo. Ikabaki ya Ndimu. Wakishinda, Maziwa wanabaki mkia peke yao, Madam anaomba. Wakipigwa, wanabaki sare, na Baba alishatoa hukumu: sare ni ya Wakesho.

"Kwa nini yake?" Madam akauliza.

"Kiti," Baba akasema.

Nilikwenda jikoni kuchukua kahawa. Dirishani alikuwa Wafula, dereva wetu, kijana wa Bungoma, na simu yake haikuwa kwenye kikapu cha mtu. Alijua matokeo tangu Jumatatu. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka saa ya swala.

"Wafula, niambie tu. Nakwenda au siendi?"

"Mama Mghoi, nikikuambia utanilaumu, nisipokuambia utanilaumu. Heri nilaumiwe nikiwa kimya."

"Mwanamume gani wewe?"

"Wa kuogopa."

Nikarudi na sinia, birika na vile vikombe vidogo visivyo na mkono. Mechi ilikuwa inakwisha. Ndimu wako nyuma. Wapinzani wana mpira, na kazi waliyobakiwa nayo ni kuushika tu, kuukumbatia mpaka saa iishe. Kushika tu! Mtoto mchanga angeweza. Nilikuwa na ndege masikioni. Nilikuwa nishafika Voi, nishapanda mlima, naona nguo za mtoto kambani.

Yule mwenye mpira akagongwa, na mpira ukamtoka. Ukaanguka chini, ukadundadunda vile mpira usio mviringo unavyodunda, kama panya mlevi. Wanaume wote wakausimamia wakiutazama.

Kitu kimeanguka. Nani anaokota?

Yule mnene wangu akainama. Suruali ikashuka. Akauokota, akakimbia.

Sijui nini kilinipata. Nilisimama kabla akili haijasimama. "Kimbia! Kimbia, mwanangu, kimbia! Mwandawiro, mzibie njia!" Kiarabu chote kilinitoka, nikabaki na Kiswahili na Kitaita. Mtu yule alikimbia mkono mmoja kashika mpira, mwingine kashika suruali, na wenzake wote wa ndimu wanakimbia pembeni wanamsukuma mgongoni kama gari lililokwama. Alipoangukia kwenye mstari wa mwisho niliruka, nikarusha mikono juu. Sinia ilikuwa mikononi.

Kahawa ikamwagika. Birika likaenda huku. Vikombe vikabingirika zulia zima mpaka chini ya kochi la Baba.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nimeshindwa. Ndimu wameshinda, mkia ni wa Maziwa, na mjukuu wangu atacheka na jirani.

"Mwendawazimu," Madam akasema. "Unajua umepoteza nini?"

"Najua, madam," nikasema. "Lakini umeona alivyookota?"

Niliinama kukusanya vikombe, na kulikuwa na mkono hapo tayari. Wa Turki. Lama, na tumbo lile, alikuwa anavuta kimoja kwa kidole cha mguu. Baba yuko chini kwa magoti anachungulia uvunguni. Na Madam, bangili zake zinalia, amekaa kwenye kahawa iliyomwagika, vikombe viwili mkononi, anacheka na machozi yanamtoka.

Hakuna hata mmoja aliyekuwa ananitazama. Wote walikuwa wanaokota.

"Kadhi," Madam akasema kutoka kule chini. "Nina ombi langu."

"Sema."

"Turki apike, afue, apige pasi, na ampikie dada yake supu, mpaka Wakesho arudi."

"Mama!" Turki akapiga kelele.

Mimi nilikuwa nimelishika neno moja tu. Arudi. Mtu harudi kama hakuondoka.

"Nirudi kutoka wapi, madam?" nikauliza, mjinga mie.

"Kutoka kwa mjukuu wako. Unataka nikuweke jikoni kwangu siku arubaini unalia kwenye supu? Mwanangu atanyweshwa chumvi. Nenda, na usikae huko mpaka mtoto aote ndevu. Yalla, vikombe."

"Imepita," Baba akasema, akaenda kufungua kabati la pasipoti, kahawa ikiwa magotini mwa kanzu yake nyeupe. Nami nikamwambia aiache kwenye maji baridi, asimpe Turki.

Nilimwonyesha Turki pasi kwa haraka. Kola kwanza, kifua mwisho. Wafula alinipeleka uwanja wa ndege anacheka peke yake, akasema tangu Jumatatu alikuwa ananionea huruma, kumbe huruma ilikuwa ya Turki. Mghoi alijifungua mimi nikiwa nimemshika mkono, hakuzaa kama paka, alizaa kama mama yake, kwa matusi. Msichana. Lama akapata mvulana wiki hiyo hiyo, na Turki akanitumia picha ya kanzu ya Baba yenye alama ya pasi kifuani, nyeusi, safi, kama muhuri. Nikamjibu: kifua mwisho, si kifua sana.

Nilirudi, nikakaa nyumba ile ile mpaka magoti yalipokataa. Bi Mwanaisha nilimwambia nilihukumu vibaya nyumba na timu pia. Akasema hesabu ni nzuri, ila mimi huwa nasoma ukurasa wa kwanza nafunga kitabu.

Ile jezi ya ndimu Turki aliniagizia, kubwa kama hema. Mjukuu wangu alibebwa mgongoni kwa jezi hiyo sokoni Wundanyi, watu wakauliza ni kanisa gani. Sasa anasoma shule. Juzi aliangusha kikombe cha bati hapa ukumbini, akanitazama. Nami nikamtazama. Nikamwambia magoti yangu yamestaafu.

Akainama, akakiokota, akakimbia nacho mpaka jikoni mikono juu, na mimi nikasimama juu ya kochi.